Dhamana na Fundi: Ufundi wa Vichwa vya Treni katika Njia ya Mpanda

Ufundi wa kutengeneza vichwa vya treni ni kazi ya kukirudisha katika hali ya kuaminika chombo chenye uzito wa makumi ya tani, baada ya kuchoka, kuvunjika au kugoma. Ndani yake zimekutana kazi nyingi: uhunzi, uchongaji wa vyuma, umeme, mafuta, upepo wa breki, na siku hizi kompyuta. Kichwa kipya hutoka kiwandani kikiwa na dhamana, yaani ahadi ya maandishi ya mtengenezaji kwamba kasoro zitakazojitokeza ndani ya muda uliotajwa ataziondoa kwa gharama zake mwenyewe. Muda huo huhesabiwa kwa miaka michache. Kichwa chenyewe hutarajiwa kufanya kazi kwa miaka 30, 40 au zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uhai wa chombo hiki hupita baada ya ahadi ya kiwanda kwisha, mikononi mwa mafundi wa mahali kinapofanyia kazi. Mkoani Katavi, ambako reli ya upana wa mita moja inafikia kikomo chake, jambo hilo halihitaji kuthibitishwa kwa hoja. Treni ikifika Mpanda, yupo fundi aliyeifikisha.

Reli ya Mpanda ni tawi la Reli ya Kati. Njia kuu ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mpanda linachepuka Kaliua, magharibi mwa Tabora, na kuelekea kusini kwa kilomita 210 hivi. Lilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kufunguliwa mwaka 1950 kwa kusudi moja mahususi: kubeba madini ya risasi kutoka mgodi wa Uruwira Minerals uliokuwa Mukwamba, jirani na Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Walioirithi ni wananchi. Wakulima wa mahindi, mpunga na tumbaku waliitumia kutoa mazao yao. Wakimbizi waliotoka Burundi kuanzia mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, ambako reli inapita, wakageuza pori kuwa mashamba na stesheni yao kuwa soko. Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao makuu ya eneo ambalo kwa miongo mingi watu waliingia na kutoka kwa treni, hasa masika barabara za vumbi zilipokatika.

Njia hii ni ngumu kwa mashine. Ni njia moja tu, hivyo treni ikifa katikati, ya nyuma haina pa kupita. Ilijengwa kwa reli nyepesi, na reli nyepesi huweka kikomo cha uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Kichwa kizito na chenye nguvu kinachofaa njia kuu huenda kisifae huku. Inapita bonde la Ugalla, ambako masika maji hujaa hadi kwenye tuta na kiangazi vumbi huingia kila tundu. Kutoka karakana kuu ya Morogoro hadi Mpanda ni karibu kilomita 1,000 za reli. Kifaa kilichosahauliwa Morogoro hakifuatwi jioni ile ile, na kosa dogo lililoachwa Tabora hulipwa usiku, porini, mbele ya mamia ya abiria wenye watoto na mizigo.

Vichwa vya kwanza vilivyopita hapa vilikuwa vya mvuke. Ufundi wake ulikuwa wa mkono, jicho na sikio. Maji ya visima yenye chumvi huganda ndani ya boila na kuacha ukoko juu ya mabomba. Ukoko huzuia joto, bomba huungua, nalo bomba lililoungua huvuja. Kwa hiyo boila ilipozwa, ikafunguliwa, ikaoshwa kwa ratiba isiyopuuzwa. Chumba cha moto kilishikiliwa na mamia ya vijiti vya chuma vilivyofungwa kati ya kuta zake mbili. Fundi alivigonga kimoja kimoja kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kijiti kizima hulia. Kilichovunjika hutoa mlio uliokufa. Beringi za ekseli zilimiminwa kwa madini meupe yaliyoyeyushwa, kisha zikakwanguliwa taratibu kwa mkono mpaka ekseli ikae sawasawa. Pete ya chuma ya gurudumu ilipashwa moto hadi ikatanuka, ikavikwa, ikaachwa ipoe na kubana yenyewe. Hakuna katika kazi hizo iliyoweza kuharakishwa bila adhabu. Miongoni mwa vichwa vilivyoagizwa kutoka Uingereza miaka ya 1950 ni vile vya daraja la 29, 30 na 31, vilivyopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Kimoja chao, namba 3020 kiitwacho Nyaturu, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na atakayekitazama kwa karibu ataona kazi ya mikono ya watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa ubavuni.

Swali la nani atengeneze, na wapi, lilikuwepo tangu wakati huo. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja, na karakana kubwa kuliko zote ikawa Nairobi. Mpango huo ulikuwa na faida yake: mashine za gharama kubwa zilinunuliwa mara moja, na mafundi wa nchi zote walijifunza pamoja. Udhaifu wake ulionekana mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Shirika la Reli Tanzania likaanza maisha yake likiwa na njia, vichwa na abiria, lakini karakana kubwa ya pamoja ikawa ng'ambo ya mpaka, na mpaka wenyewe ukafungwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na shirika changa lilikaribia kuuonja ukweli wa methali hiyo. Lililoliokoa ni kwamba ujuzi haukufungiwa Nairobi pamoja na mitambo. Mafundi waliorudi waliubeba vichwani, wakafundisha wengine Dar es Salaam, Tabora na Morogoro, na hatimaye karakana ya Morogoro ndiyo iliyokuja kubeba mzigo wa matengenezo makubwa ya vichwa vya dizeli.

Dizeli ilileta ufundi wa namna nyingine. Vichwa vilivyozoeleka katika njia za Tanzania, kama vile vya daraja la 73 kutoka India na vya daraja la 88 kutoka kampuni ya MLW ya Montreal, Canada, ni vya dizeli na umeme kwa pamoja. Injini ya dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, jenereta inazalisha umeme, na umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli chini ya kichwa. Dereva anapopandisha mkono wa mwendo kutoka hatua ya 1 hadi ya 8, kifaa kiitwacho gavana huiongezea injini mafuta, na mfumo wa umeme hupima mzigo ambao injini inaweza kuubeba bila kuzimika. Mvutano wa treni nzima unategemea mapatano kati ya mafuta na umeme. Yakivunjika, kichwa huunguruma kwa nguvu na treni haisogei.

Fundi wa dizeli husoma dalili kabla ya kushika spana. Moshi mweusi humwambia kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio limeziba, turbo imechoka au nozeli inamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi mweupe humwambia kwamba mafuta yanatoka bila kuungua. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na hapo macho huenda kwenye pistoni na pete zake. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji, maana yake kuna mahali mfumo wa kupooza umevuja ndani ya injini. Upande wa umeme dalili ni nyembamba zaidi. Brashi za kaboni ndani ya mota hulika, unga wake mweusi huchanganyika na vumbi, unyevu wa masika huingia, na umeme huanza kuvujia kwenye chuma. Rilei ya ulinzi hukata nguvu, dereva huirudisha, nayo hukata tena. Fundi asiye na subira atabadili rilei. Anayeijua kazi atafuatilia mota moja baada ya nyingine, ataitenga ile yenye kasoro, na treni itamaliza safari kwa mota zilizobaki, polepole lakini salama. Mota ile itasafishwa, itakaushwa, na huenda ikarudi kazini bila kununuliwa kipya chochote.

Hapa ndipo penye heshima ya ufundi huu. Kubadili kifaa kizima ni jambo ambalo mwenye fedha yeyote anaweza kuliagiza. Kujua ni kifaa kipi kati ya maelfu, na kwa nini kilishindwa, ni elimu inayojengwa kwa miaka. Elimu hiyo ina maadili yake. Fundi anayetia sahihi kwamba breki zimepimwa anaweka maisha ya watu asiowajua chini ya jina lake. Abiria anayepanda Katumba usiku hawezi kukagua breki. Anachoweza ni kulala, na usingizi wake ndiyo imani aliyompa mtu ambaye hatamwona kamwe. Karakana nzuri hujulikana kwa jambo hilo: kazi isiyoonekana hufanywa kwa uangalifu ule ule wa kazi inayoonekana.

Historia ya karibuni imetoa somo la pili kuhusu umiliki na matengenezo. Oktoba 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya ubia, Tanzania Railways Limited, ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na Serikali asilimia 49, kwa mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25. Sehemu ya vichwa vilivyotumika ilikodishwa kutoka India. Ubia haukudumu, kufikia mwaka 2011 Serikali ilikuwa imezirudisha hisa zote mikononi mwake, na sheria ya mwaka 2017 ikalirejesha Shirika la Reli Tanzania. Mikataba ya namna hii hubeba mafunzo mengi ya fedha na siasa, lakini kwa upande wa ufundi fundisho ni moja: kichwa cha kukodi huondoka pamoja na mkataba, ilhali fundi aliyefunzwa vizuri hubaki. Tawi kama la Mpanda, ambalo mapato yake hayawezi kulingana na ya njia kuu, ndilo la kwanza kuhisi upungufu wa vichwa na la mwisho kupata vipya. Huishi kwa vile vilivyotunzwa.

Vichwa vinavyoagizwa katika karne hii vimeongeza kiungo kipya: kompyuta. Zamani gurudumu lilipoteleza juu ya reli yenye umande, dereva alilisikia, akapunguza nguvu na kumwaga mchanga. Sasa sensa hupima mwendo wa kila ekseli, kompyuta hulinganisha, na nguvu hupunguzwa kabla dereva hajatambua. Kompyuta hiyo hiyo hupima joto la maji, msukumo wa oili na mkondo wa umeme, huizima injini inapoona hatari, na huandika kila hitilafu pamoja na saa yake. Faida ni kubwa. Mafuta hupungua, magurudumu hudumu, na fundi anayepokea kichwa kutoka safarini hupata maelezo ya yaliyotokea hata kama dereva hakuyaona.

Lakini kompyuta hutaja dalili. Chanzo bado hutafutwa na mtu. Ikiandika kwamba msukumo wa oili umeshuka, huenda pampu imechoka, huenda sensa imekufa, na huenda ni waya tu uliolegea kwa mtikisiko. Vifaa vya kidijitali huharibika mara nyingi pale vinapokutana na ulimwengu: kwenye plagi, kwenye kiungio cha ardhi, kwenye kadi iliyopata joto kupita kiasi kwa sababu feni ya kupooza kabati imejaa vumbi. Pini moja iliyoshika kutu inaweza kusimamisha kichwa cha mabilioni ya shilingi. Fundi wa leo, pamoja na spana na mita ya umeme, anahitaji kompyuta mpakato, programu ya mtengenezaji, ramani ya nyaya na ruhusa ya kuingia. Sharti hilo la mwisho ni jipya kabisa katika historia ya karakana. Hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kumdai fundi neno la siri.

Tatizo hili linaonekana kwa udogo wake, na kwa uwazi zaidi, katika vichwa vya treni vya mfano ambavyo maelfu ya watu Ulaya na Marekani huviendesha juu ya meza kama burudani. Zamani kichwa cha mfano kilikuwa mota na nyaya mbili. Ukiongeza umeme kwenye reli, kinakwenda. Mfumo wa kidijitali, uliotokana na kazi ya Mjerumani Bernd Lenz na kupitishwa kuwa kanuni ya pamoja na chama cha wapenda treni za mfano cha Marekani, NMRA, katika miaka ya 1990, ulibadili mambo. Reli hubeba umeme na amri kwa wakati mmoja. Ndani ya kila kichwa mna bodi ndogo ya saketi yenye anwani yake. Kwa kawaida kichwa kipya hutoka kiwandani kikiwa na anwani namba 3. Bodi husikiliza, na ikisikia anwani yake hutii: kwenda, kusimama, kuwasha taa, kupiga honi. Kikigoma, mwenye nacho hukabiliwa na maswali yale yale ya karakana ya Morogoro. Je, bodi imeungua, au magurudumu ni machafu? Je, anwani imepotea kwenye kumbukumbu? Na je, akikifungua kutazama, dhamana itakufa?

Majibu yaliyopatikana katika burudani hiyo yana mafunzo kwa reli za kweli. Kwa kuwa kanuni ni ya wazi, bodi ya kampuni moja inaweza kutolewa na nafasi yake kuchukuliwa na ya kampuni nyingine, na soketi zimepangwa kwa vipimo vinavyojulikana. Kiwanda kikifa, kichwa hakifi nacho. Sheria nazo zimesaidia. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa kawaida ana haki ya angalau miaka 2 dhidi ya kasoro, hata kama karatasi ya muuzaji haikusema hivyo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inazuia kampuni kuifunga dhamana ya bidhaa ya mlaji kwenye sharti la kutumia vipuri vya chapa yake tu, isipokuwa inavitoa bure au imepewa idhini maalumu. Kanuni ya wazi na haki ya kufungua ndizo zilizokirefushia maisha kichwa kidogo cha mezani.

Kwa vichwa vikubwa mambo hayajafika huko, na tukio la Poland limeionyesha dunia hatari iliyopo. Treni za umeme za aina ya Impuls, zilizotengenezwa na kampuni ya Newag, zilipelekwa kwa matengenezo kwenye karakana ambayo si ya mtengenezaji. Kazi ilikamilika, kila kipimo kilikuwa sawa, lakini treni zikakataa kuondoka. Karakana iliwaita wataalamu wa kompyuta wa kundi la Dragon Sector. Desemba 2023 wataalamu hao walieleza hadharani kwamba ndani ya programu walikuta masharti ya kuzifunga treni, yakiwemo yaliyotegemea mahali zilipoegeshwa, pamoja na karakana za washindani. Newag ilikana kuhusika na ikaenda mahakamani. Bila kujali mwisho wa kesi, kila mnunuzi wa treni amepata swali jipya la kuuliza kabla ya kutia sahihi: baada ya fedha kulipwa, ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba chombo hiki kimepona?

Dhamana, kwa hiyo, haina budi kueleweka kwa mipaka yake. Hulipia kifaa chenye kasoro ya kiwanda. Mara nyingi hailipii siku ambazo treni haikwenda, wala gunia la mahindi lililolala stesheni, wala mgonjwa aliyechelewa hospitali. Hufa ikiwa mnunuzi hakufuata ratiba ya matengenezo, alitumia oili isiyoruhusiwa au alifungua kilichotiwa lakiri. Maana yake ni kwamba hata haki ya kudai inategemea uangalifu wa fundi. Daftari lake la kazi, lenye tarehe, kilomita, vipimo na aina ya oili, ndilo ushahidi utakaosimama mbele ya kampuni ya ng'ambo. Kifaa kilichovunjika kisitupwe. Kiwekwe na kipewe namba, kwa kuwa namna kilivyovunjika husimulia kama kosa lilikuwa la kiwanda au la mtumiaji. Hitilafu iandikwe siku ileile, hata kama imepona yenyewe, kwa sababu hitilafu inayorudi mara tatu ina thamani kubwa katika madai kuliko ile inayokumbukwa kwa mdomo. Karakana isiyoandika hupoteza dhamana yake kabla muda haujaisha.

Nayo kinga ina uzito kuliko dai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika reli ukuta huo hujengwa kwa fedha za kigeni. Kusafisha machujio ya hewa kabla ya kiangazi kukolea, kukaza viungio vya umeme kabla ya masika, kupima betri, kuweka akiba ya sensa na plagi za bei ndogo katika bohari ya Tabora badala ya kuzisubiri bandarini: hizi ni kazi zisizo na sherehe, lakini ndizo zinazoamua kama treni ya Mpanda itafika alfajiri au itakutwa na jua porini.

Haja ya kuyatafakari haya imekua. Juni 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai mwaka huo zikafika Dodoma. Vichwa vyake na zile seti za abiria ambazo wananchi wamezipa jina la Mchongoko vimetoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na humo kompyuta imeshika karibu kila kazi. Wakati huohuo reli ya mita moja bado ina wajibu wake, na Mpanda bado inaitegemea. Nchi moja sasa inahitaji mafundi wa zama mbili: wanaojua sauti ya nozeli iliyochoka, na wanaoweza kusoma kumbukumbu za kompyuta. Ujuzi hauzeeki, ila huweza kufa usipopokezwa. Fundi mzee wa Tabora anapostaafu bila kijana pembeni yake, linaondoka lile ambalo hakuna kitabu cha kiwanda kilichowahi kuliandika: jinsi kichwa fulani kinavyofanya katika udongo huu, kwa maji haya, katika mvua hizi.

Mambo machache, basi, yanastahili kusisitizwa kwa wanaonunua na wanaotunza. Mkataba wa kichwa kipya uje na michoro kamili, ramani za nyaya, programu za kupimia na ruhusa za kuzitumia bila kikomo cha muda. Mafunzo yafanyike kiwandani na karakanani, kwa mafundi watakaoshika spana, wala yasiishie kwa maofisa. Vipuri vya miaka ya mwanzo vinunuliwe pamoja na chombo, wakati muuzaji bado ana hamu ya kuuza. Vijana wa Katavi wenye mikono mepesi, wanaojifunzia umeme na ufundi makenika katika vyuo vya ufundi vya VETA, wafunguliwe njia ya kwenda Chuo cha Reli Tabora, kwa sababu anayetunza njia ya kwao huitunza kwa moyo.

Na kila mkataba upimwe kwa swali moja: siku dhamana itakapokwisha, je, fundi wa Tabora ataweza kukifungua kichwa hiki, kukielewa, na kukirudisha njiani kuelekea Mpanda bila kuomba ruhusa ya mtu aliye ng'ambo? Jibu likiwa ndiyo, nchi imepata chombo. Likiwa hapana, imelipa bei ya kununua na kupata cha kukodi.